Mama Jamna Aliyekaa Mlangoni pa Mata

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mwombe mteja akuvumilie kidogo. Jioni hii tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Moshi aliyeambiwa apishe, akakaa.

Jina lake Jamnaben Chudasama. Wengi walimwita Mama Jamna. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake hapa mjini, akiwa na miaka sabini na minane. Ameacha mtoto mmoja, binti yake Hetal.

Mama Jamna alizaliwa Kilema. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa na chumvi, karibu na misheni. Alikulia migombani na watoto wa Kichagga, akala mtori wao, akasema lugha yao. Asubuhi mawingu yakifunguka, Kibo huyo hapo juu, mweupe. Mama yake alikuwa akimwonyesha kwa kidole: "Mlima wa theluji kama ule ndio uliompa Mata simba wake."

Mata ni nani? Mata maana yake ni Mama. Ni Durga, mungu mke wa Wahindu, na sanamu yake ndiyo iliyo mbele kabisa katika hekalu dogo ambalo Mama Jamna alilitumikia. Ni ya marumaru. Mata amepanda simba, na simba amekanyaga nyati. Mata ana mikono minane. Huu umeshika upanga, huu mkuki wa ncha tatu, huu upinde, huu rungu, huu kisahani chenye makali. Huu una kombe la baharini linalopulizwa vitani, na huu una ua. Mkono wa nane hauna kitu. Kiganja kimefunguliwa kukuelekea wewe. Kinasema, usiogope.

Na kisa chake ni hiki. Palikuwa na zimwi lenye umbo la nyati. Liliomba lisiuawe na mungu yeyote wala na mwanamume yeyote. Likapewa. Likawapiga miungu wote na kuwafukuza mbinguni. Hasira ya miungu ikawa mwanga, mwanga ukawa mwanamke. Kila mungu aliyeshindwa akampa silaha yake. Mlima wa theluji ukampa simba. Zimwi likacheka, likatuma watu wakamchumbie! Mata akajibu, atakayenishinda vitani ndiye atakayenioa. Wakapigana siku tisa. Nyati akafa.

Kisa hicho Mama Jamna alikijua tangu hajaanza shule. Alipoolewa mjini, alikuwa ndiye fundi wa mavazi ya Mata: hariri nyekundu, pindo la dhahabu, kila sikukuu jipya. Kisha mumewe akafariki. Kamati ya hekalu ikamwambia asiyaguse tena mavazi yale. Mjane ana mkosi, walisema. Mama Jamna akavaa nyeupe, rangi ya wajane wao, akahamia safu ya nyuma. Miaka ikapita hivyo.

Hetal anasema: "Mama hakulia mbele yangu. Lakini cherehani aliifunika shuka, kama maiti."

Wasikilizaji wapendwa, familia nyingi zilihama. Nyingine zilikwenda Dar, nyingine ng'ambo. Kuhani wa hekalu akaugua, naye akaondoka. Kamati ikakata shauri: hekalu lifungwe, sanamu ipelekwe Dar es Salaam. Ikabaki wiki moja tu kufika Navaratri, sikukuu ya Mata.

Asubuhi moja lori lilikuja na sanduku la mbao lililojaa nyasi kavu. Likakuta mtu mlangoni. Mama Jamna alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Amevaa sari nyekundu.

Mwenyekiti wa kamati alishtuka. "Jamnaben, nguo gani hii? Umesahau wewe ni nani?"

"Sijasahau. Nimekaa."

"Tupishe. Hapa hakuna kuhani. Nani atamwashia Mata taa?"

"Mimi."

"Wewe ni mwanamke, tena mjane. Haijawahi kutokea!"

Mama Jamna akamtazama. "Ndugu yangu, hata yule nyati aliomba asiuawe na mungu wala mwanamume. Mwanamke hakumtaja kabisa. Alimdharau. Ingia ndani ukamwangalie alipo sasa. Yuko chini ya miguu."

Mwenyekiti akamgeukia dereva wa lori, Aristides, mtu wa Mkuu kule Rombo. Akamwambia amsogeze yule mama. Aristides akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama." Kisha akamjibu bosi: "Mimi nimekodiwa kubeba mzigo. Mama wa watu siyo mzigo."

Shoga yake Mama Jamna, Bi Sikudhani, alikuwa ameshapata habari. Akaja kutoka Rau na mkeka na chupa ya chai. Yeye ni Mwislamu, na sanamu ile haimhusu. Alituambia hivi: "Sikwenda kwa ajili ya sanamu. Nilikwenda kwa sababu Jamna alikuwa peke yake."

Walikaa mpaka mchana. Lori likaondoka tupu.

Sikukuu ilipoanza, Mama Jamna aliifunua cherehani. Akamvisha Mata kwa mikono yake, akawasha taa. Siku ya kwanza walikuja wanawake wanne. Siku ya mwisho watu walisimama uani kwa kukosa nafasi, wengine wametoka Arusha. Kamati ikakutana tena. Sanamu haikwenda Dar. Ipo Moshi mpaka leo.

Msidhani kila mtu alifurahi. Mwenyekiti hakumsalimia tena. Shemeji zake walimkatia mguu. Mama Jamna alimwambia Hetal, "Wacha waninunie. Taa inawaka."

Akaiwasha mpaka Jumatatu iliyopita.

Jumatano walimpeleka kuchomwa, kwa desturi yao. Wanawake kwa kawaida hubaki nyumbani, na moto huwashwa na mtoto wa kiume. Hetal alitembea mbele ya jeneza, ameshika moto. Mzee mmoja akamzuia njiani: "Binti, mwanamume wa nyumba hii yuko wapi?"

Hetal akasema, "Hayupo. Nipo mimi." Akapita.

Kwako Hetal, kwako Bi Sikudhani, na kwa waumini wote wa hekalu lile, tunawapa pole kutoka moyoni. Mama Jamna apumzike kwa amani.

Nawe unayetusikiliza, iwe Kilema, iwe Rombo, iwe hapa mjini: jiulize kuna mlango gani ulioambiwa si wako, ukaondoka bila hata kuuliza ni nani aliyesema. Jiulize leo. Na kama ni wewe unayewafukuza wenzako mlangoni, jiulize mara mbili.