Mmesema kwa Kinywa Changu

Kaeni kitako, wanangu, wewe Asad huku na wewe Miska huku, zimeni simu zenu na asinikatize mtu, kwani maradhi haya yaliyonila miguu na mikono sasa yamefika kooni, na sauti hii mnayoisikia daktari kesha niambia haitafika Rajabu. Nina hasira. Mama yenu anakufa na hasira, na walioiwasha ni nyinyi.

Jumapili ile mlisimama hapo miguuni pangu mkasemezana Kiingereza, kana kwamba lugha niliyofanyia kazi ofisini Ilford, hapa hapa London, mpaka nikastaafu mimi siijui. Asad ulisema kuna mahali Uswisi mgonjwa hupewa kinywaji akalala asiamke, na kwamba hiyo ndiyo huruma. Miska ukamjibu kuwa ni haramu, tena watu wa msikitini watasemaje. Nikangoja mmoja wenu ainame aniulize. Mkatoka mnagombana, kama mnavyogombana tangu tulipomzika baba yenu.

Alhamisi akaja daktari, akakutoeni nje, akafunga mlango. Akanambia mwanangu kampigia simu kusema nimeomba mwenyewe kupelekwa Uswisi, na binti yangu kamrudisha nesi na mofini yake, eti mama hataki dawa, anataka kuyapokea maumivu kwa subira. Kumbe zile siku nilizong'ata shuka nikidhani dawa imekwisha, ilirudishwa mlangoni kwangu kwa jina langu!

"Bi Ummukulthum," akasema, "wewe mwenyewe unataka nini?"

Mwanamke yule, asiyejua hata kwetu Wete, kule Pemba, ni wapi, ndiye aliyeniuliza.

Basi sikilizeni nilichomjibu. Uswisi siendi, roho hii aliyenipa ataichukua mwenyewe kwa siku yake. Lakini siku hiyo ikija isizuiwe, koo langu lisitobolewe, nisitiwe mipira ya kupumulia. Na mofini naitaka, kwani subira si kuteswa na mwanao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Miska. Na wewe Asad, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mmoja wenu alichoka kuniona, mwengine aliogopa kuonekana, na nyote wawili mkayaita mapenzi.

Nyumba hii mtagawana kama dini ilivyogawa, sina la kuongeza. Thuluthi niliyoruhusiwa kuusia apewe mdogo wangu Lila, na msimpunje. Nizikeni hapa hapa, kando ya baba yenu. Msinisafirishe, msije mkapata jengine la kugombania. Na matanga yangu yasikaliwe nyumba mbili.

Nipeni maji... kidogo tu. Basi.

Radhi zangu mnazo. Nimekupeni kwa kuwa nilikuzaeni, si kwa kuwa mmenipendeza, na hasira hii nitakwenda nayo kwa Mola wangu, akitaka ataniondolea. Asad, Mungu akupe moyo wa kumtazama mgonjwa bila ya kukimbia. Miska... akutoe khofu ya watu. Akuwekeni... akuwekeni karibu.

Nimechoka. Nigeuzeni, nilalie ubavu wa kulia. Asad, shika miguu. Miska... bega. Polepole. Kwa pamoja... msivutane.