Dishon Ngumbao na Ubao wa JUU na CHINI

Mchungaji, wazee wetu, ndugu wa Rabai na wa hapa Changamwe, majirani Waislamu mliokaa nasi matangani tangu Jumanne, familia imeniagiza mimi Nguma, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, nami nitasoma kama tulivyoyaandika, na pale sauti itakapopanda mnisamehe, kwa kuwa yako mambo humu hayasomeki kwa upole.

Marehemu Dishon Ngumbao alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1904, kifungua mimba wa marehemu mzee Kazungu na mama yetu Nyamvula, ambaye Mungu amemweka hai na ndiye huyu aliyeketi karibu na jeneza. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Rabai kuanzia 1913 hadi 1919, akatoka na mwandiko mzuri ambao mwalimu wake aliubandika ukutani, na tabia ya kusahihisha watu, ambayo haikubandikwa popote.

Mwaka 1921 aliingia kibarua cha reli, akibeba mataruma ya kulaza reli, na mwaka 1926 akaenda Kisauni kujifunza kazi ya rangi kwa fundi Aqil, mwandishi wa mabango ya maduka, aliyemfundisha kwamba herufi huandikwa kwa ajili ya mgeni, maana mwenyeji anaijua njia hata gizani. Tarehe 6 Aprili 1929 alifunga ndoa na Selpher katika kanisa la Rabai, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele za haki angali mchanga, waliobaki ni Agneta, Kazungu na Sidi. Mwaka 1930 reli ilimwajiri kazi ya kudumu, fundi wa rangi wa vituo, akahamia hapa Changamwe, jirani na kituo kidogo cha Kwa Nyevu.

Mwaka 1938 alimfundisha mama yetu kusoma, kwa makaa juu ya ukuta wa jiko, na wakwe zake mama wakamcheka, lakini mama akasoma, akafika mahali pa kusoma Injili ya Luka bila kusaidiwa, na tangu hapo akaapa kwamba hatamuuliza mtu njia tena.

Sasa nafika mwaka 1941, wakati vita vilipojaza watu vituoni, na ofisi ikaamuru vibao vipya vya Kiswahili. Kituo cha Kwa Nyevu kina pande mbili, upande mmoja hupita treni ya kwenda bara, upande wa pili hupita ya kwenda Kisiwani, mjini, jambo ambalo mtoto angelieleza kwa maneno mawili, lakini wenye reli kwa lugha yao husema treni ya bara inapanda na ya Kisiwani inashuka, basi mtu fulani akatafsiri bila kunyanyua macho, na kaka yetu akaletewa karatasi aandike upande huu JUU na upande huu CHINI. Aliuliza kama wana hakika, akaambiwa kazi yake ni rangi, akaandika.

Nanyi mnajua yaliyotokea, maana wengi wenu yaliwapata. Kituo kile ni tambarare kama meza, hakuna juu wala chini, basi kila aliyejua kusoma aliusoma ubao kwa akili ya nchi hii tunamoishi, akaona JUU ni mahali pa wakubwa na CHINI ni pake, akaenda kusimama CHINI na kikapu chake, akapelekwa Kisiwani, hata kama alikuwa anakwenda Mazeras, huko bara.

Mwezi Juni 1943 mjomba wetu mkubwa alifariki Rabai, ambako huendwa kwa treni ya bara, mama akatoka hapa peke yake kwenda kumzika, na jioni tukaletewa habari kwamba yuko Kisiwani, amekaa kituoni analia, na mazishi yalikuwa yamekwisha. Kaka yetu alipomfuata na kumuuliza imekuwaje, alimjibu, "Nilisoma, mwanangu. Nikaona pale juu si petu." Dishon hakupata tena amani baada ya hapo. Alikuwa akituambia, "Asingejua kusoma angeuliza, na angeuliza angefika. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Aliiomba ofisi ibadilishe vibao, akaambiwa angoje vita viishe, vita vikaisha, akaambiwa abiria wamekwisha kuzoea, akaambiwa njoo kesho mpaka akachoka miguu. Tarehe 3 Februari 1946, Jumapili baada ya ibada, alitundika ubao wake mwenyewe, upande mmoja BARA, upande mwingine KISIWANI, na Jumatatu kabla ya adhuhuri ukaondolewa, akatupiwa mlangoni, akahamishiwa kupaka rangi vyoo na matangi. Inaudhi, ndugu zangu. Tangu siku ile hakuna choo cha reli kilichokosa rangi nzuri, na hakuna abiria aliyeonyeshwa njia.

Mwezi Julai mwaka huu alianza kuumwa kifua, akatibiwa na kulazwa, na tarehe 9 Novemba 1948 alfajiri akafariki mikononi mwa Selpher.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kazi waliochanga nauli ya jeneza, na jirani yetu Bi Mahfoudha, ambaye jiko lake halikuzimika tangu msiba ulipoingia.

Mwisho ni tangazo, mlisikilize vizuri. Tunakwenda kumzika Rabai kwa treni ya saa nane, na vile vibao vingalipo, hata leo asubuhi shangazi zetu wawili waliofika kutoka Likoni wamekutwa wamesimama CHINI wakitungoja. Msivisome. Mbele ya jeneza atatangulia mama Nyamvula, amebeba ule ubao wa mwanawe, upande wa BARA ukiwa mbele, naye amekataa kusaidiwa kuubeba, mfuateni yeye, simameni atakaposimama.

Pumzika kwa amani, Dishon, safari hii mama anaijua njia.