Atuganile Mwaisela, Aliyezuiwa Meza ya Bwana

Ndugu waombolezaji, wakubwa zetu shikamooni, majirani wa Kinondoni nanyi mliotembea kwa miguu tangu alfajiri kutoka Temeke, Ubungo na Mabibo, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, familia imemteua Ambwene Mwaisela, mdogo wake marehemu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, na imemwomba asome kwa upole, naye ameahidi kujaribu.

Marehemu Atuganile Mwaisela alizaliwa tarehe 4 Aprili mwaka 1912 huko Mwakaleli, Tukuyu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwaisela, akabatizwa Pasaka ya mwaka ule ule, na mwaka 1923 baba yake aliposhuka pwani kumpikia bwana mmoja wa serikali ya Kiingereza alikuja naye pamoja na mama na mdogo wake, wakajenga Temeke, wakati huo Temeke ikiwa minazi, muhogo na njia za miguu, hakuna aliyedhani kuwa mtu mwenye akili angekuja kugombania kiwanja huko.

Kuanzia mwaka 1924 hadi 1928 alisoma shule ya misheni akamaliza darasa la nne, jambo ambalo kwa msichana wa siku zile lilikuwa ni kama kwenda ng'ambo na kurudi, na mwaka 1929, akiwa na miaka kumi na saba, usharika ulimkabidhi watoto wadogo wa Jumapili awafundishe, kwa sababu wazee wenyewe walikiri kwamba wakisema wao watoto husinzia, akisema Atuganile watoto husahau hata kukohoa.

Tarehe 13 Septemba 1930 alifunga ndoa kanisani na Elinaza, kijana wa Upare, karani wa forodha, mtu mpole aliyependa kunyoosha suruali yake mwenyewe, wakahamia Kinondoni, Mungu akawajalia watoto wawili, Nikodemo aliyezaliwa mwaka 1931 na Tupokigwe aliyezaliwa mwaka 1934, na nyumba yao ilikuwa ya amani mpaka tarehe 2 Juni 1937, siku ambayo Elinaza alifariki kwa homa ya matumbo akiwa bado kijana.

Matanga yalipokwisha, kaka yake Elinaza alishuka kutoka Upare kumrithi mjane kwa desturi, marehemu akamkaribisha, akampikia, akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye si jembe la kupokezana, shemeji akarudi kwao na kinyongo chake, na ndugu wa usharika, ambao siku ya mazishi walilia kupita wafiwa, walileta kikapu cha unga mwezi wa kwanza, kikapu nusu mwezi wa pili, na mwezi wa tatu wakaleta mistari ya Biblia. Aliyewalisha watoto wale ni Hilal bin Nasor, mwenye duka pale njia ya mikorosho, Mwarabu wa hapa hapa, ambaye baba yake naye aliuza chumvi hapa hapa, alikuwa akituma mchele na nazi kupitia kwa Bi Hamisa jirani ili mjane asione haya, na hakusema neno mwaka mzima na zaidi, mpaka alipokuja na wazee wake kuposa kwa adabu kama watu wanavyoposa.

Walioana Ijumaa tarehe 10 Machi 1939 mbele ya kadhi, na kabla ya ndoa Mzee Hilal alitoa ahadi mbele ya mashahidi, akasema, "Watoto wa Elinaza ni wa Elinaza, na dini yao ni ya baba yao, mimi sitaigusa, na mama yao nimemkuta na kitabu chake, abaki nacho," na ahadi hiyo hakuivunja hata siku moja, leo mwaka wa kumi na nane, na mwaka 1941 walipopata binti yao Jokha, huyo alifuata dini ya baba kama walivyokubaliana, asubuhi akienda chuoni kusoma Kurani.

Usharika ulimtenga marehemu Jumapili ya pili baada ya ndoa hiyo, jina lake likasomwa mbele ya watu, watoto wa Jumapili wakapewa mwalimu mwingine, na tangu siku hiyo alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, aliruhusiwa kuimba, aliruhusiwa kutoa sadaka, sadaka yake haikutengwa, lakini Chakula cha Bwana kilipoandaliwa alitakiwa atoke nje pamoja na wasiobatizwa, naye alitoka, akasimama kwenye mchanga akingoja wenzake wamalize, akaingia tena kuimba wimbo wa mwisho. Waliowahi kupita pale Jumapili walimwona, na hakuna anayeweza kusema leo kwamba hakujua.

Sasa hapa ndipo maisha yake hasa yalipo, ndugu zangu, kwa maana mtu aliyeambiwa kwamba hafai kufundisha alianza kufundisha nyumbani, kila jioni, nyuma ya duka la Hilal, watoto wakiwa juu ya mkeka kati ya magunia ya mchele na chumvi, kwanza watoto wake wawili, kisha wa jirani, kisha wa watu wa bara waliohamia bila ndugu, na Jokha akikaa kizingitini akisikiliza kwa sababu hakuna aliyemfukuza, na Mzee Hilal kule mbele akipunguza sauti ya kubishana na wateja ili asiharibu somo. Ukombozi aliwafundisha kwa mbuzi, kwa maana mbuzi kila mtoto wa Kinondoni alimjua, akawaambia kwamba mbuzi akiingia shamba la Mzee Mwinjuma akala mahindi, akakamatwa, akafungwa kamba, hawezi kujikomboa, atalia tu mpaka mwenyewe asikie, na mwenyewe hatumi mtu, huja mwenyewe, anasimama mbele ya mwenye shamba anasema huyu ni wangu, nimekuja kumchukua. Tupokigwe, akiwa na miaka sita, aliuliza kama mbuzi alipewa maji alipofika nyumbani, naye Nikodemo, akiwa na miaka tisa, aliuliza kama mbuzi hana budi kukiri kosa kwanza kabla ya kufunguliwa kamba, na mama yao alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa khanga, akasema, "Mbuzi hajui kukiri, mwanangu, anajua kulia, na mwenyewe anaijua sauti yake."

Ingefaa acheke kidogo, familia inasema sasa, na ashtuke zaidi, lakini mwana ni mwana, na Nikodemo alikuwa na kichwa chepesi, katekisimo nzima aliimeza akiwa na miaka kumi, hakukosa hata nukta, na mama kwa kujivuna kwake akamfanya msaidizi, akampa kazi ya kuwauliza wenzake maswali, na aliyekosa jibu Nikodemo alimtoa mlangoni asimame mpaka alijue, jambo lililomfurahisha marehemu kwa kuwa watoto walijifunza haraka, hakuona kwamba wale wengine walikuwa wakijifunza Mungu na huyu wake alikuwa akijifunza mlango. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga, na hawakusema wakimcheka mzazi.

Vita vilipoanza na Wajerumani wa misheni wakakamatwa na serikali, usharika ulibaki mikononi mwa wazee, sheria za kutengwa zikazidi kukaza badala ya kulegea, kwa maana mtu aliyeachiwa nyumba ya watu huogopa kusogeza hata kigoda, na mwaka 1946 Nikodemo alipopata kipaimara akawa wa kwanza katika maswali, wazee wakamsifu kwamba ameandaliwa vizuri, bila kutaja aliyemwandaa, na alipoinuka kwenda kupokea Chakula cha Bwana kwa mara ya kwanza, aliyemfundisha maana ya mkate ule alikuwa amesimama nje kwenye mchanga. Mwaka 1949 ilikuwa hivyo hivyo kwa Tupokigwe, isipokuwa Tupokigwe alipotoka alikwenda moja kwa moja akamkumbatia mama yake mbele ya watu, akaambiwa si adabu.

Marehemu aliomba kurudishwa kundini mwaka 1947, akaombwa aache nyumba ya Hilal kwanza, akaomba tena mwaka 1953, akaambiwa asimame mbele ya usharika aseme kwamba ndoa yake ni uzinzi, naye akajibu kwamba hawezi kukiita haramu chakula kilichowakuza watoto wake wakati walio halali walikuwa wamefunga vikapu vyao, na jibu hilo liliwaudhi wazee kwa sababu lilikuwa kweli. Mwaka uliofuata Nikodemo, ambaye sasa ni mwalimu wa shule na ana mke na watoto, alichaguliwa mzee wa kanisa, kisha katibu wa baraza la wazee, na mama yake alifurahi siku ile kuliko siku yoyote, akapika pilau akawagawia majirani, akisema Mungu amesikia, mlango sasa una mtu wake.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 1956 kwa maumivu ya tumbo, akalazwa hospitali mara mbili, madaktari wakaona uvimbe ambao hauwezi kukatwa, wakamrudisha nyumbani mwezi Mei mwaka huu wa 1957, na kuanzia hapo hakuomba dawa wala hakuuliza siku, aliomba kitu kimoja tu, ashiriki Meza ya Bwana mara moja kabla ya kufa. Mchungaji wetu, ambaye ni mgeni na bado ana huruma, alikubali, akasema kwa hali ya mgonjwa haitahitajika kusimama mbele ya watu wala kukana ndoa, inatosha desturi ya zamani ya udhamini, yaani mzee mmoja wa kanisa amshike mkono mgonjwa na kusema, "Mimi namdhamini huyu mbele ya Mungu," naye mchungaji atakileta Chakula cha Bwana hadi Kinondoni, na siku ikapangwa Jumapili tarehe 14 Julai. Wazee wengine walisema si adabu kumtangulia mwana, Nikodemo akimdhamini mama yake wao hawana neno, na mambo yote yakawa mikononi mwa Nikodemo, ambaye miezi hiyo hiyo jina lake lilikuwa limepelekwa ili akasomee uchungaji.

Siku hiyo marehemu aliamka kabla ya jogoo, akaogeshwa na Tupokigwe, akavikwa gauni jeupe lililomwelea mwilini, Jokha akatandika kitambaa kipya mezani, Mzee Hilal akafunga duka akaenda kukaa kwa Mwinjuma ili asiwe kikwazo, wakangoja, na baada ya ibada Nikodemo alikuja peke yake, amevaa koti, hana mchungaji, akakaa mkekani akasema, "Mama, siwezi kuidhamini ndoa ya mkeka, isiyofungwa kanisani, mie nitajibu nini mbele ya Mungu?" Waliokuwapo walidhani mama atalia au atamlaani, hakufanya hata moja, akamwuliza, "Umekula, mwanangu?" naye akasema hajala, akaandaliwa wali wa dukani kwa Hilal juu ya kile kitambaa kipya, akala, akanawa, akaaga. Familia haina maneno ya kusema juu ya chakula kile, na maneno iliyonayo hayasomwi msibani.

Mzee Hilal aliposikia hayo hakulala, kesho yake akavaa kanzu akaenda kwa miguu hadi kwa wazee wa kanisa, akawaambia kwamba kama yeye ndiye jiwe njiani basi yuko tayari kumpa Atuganile talaka siku hiyo hiyo, ili apate anachokitaka kabla ya kufa, naye atamwuguza kama jirani, na wazee wetu wa kanisa, badala ya kufunika nyuso zao kwa haya, walifurahi, wakamwambia ni wazo zuri, alete na mashahidi. Alipomweleza mkewe, marehemu alikasirika kwa mara ya kwanza katika ugonjwa wake, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka dukani, "Mie nimewafundisha watoto kwamba Yesu alikuja kutafuta kilichopotea, sijawafundisha kwamba alikuja kuvunja nyumba za watu, keti hapa, Hilal, unishike mkono," na Mzee Hilal akaketi, na suala la talaka likaishia hapo.

Marehemu Atuganile alifariki jana, Ijumaa tarehe 9 Agosti 1957, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, bila kushiriki Meza ya Bwana tangu mwaka 1939, ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na watoto wa mkekani ambao hatukuwahi kuwahesabu, wengine ni watu wazima nawaona mmebeba watoto wenu. Kengele haikupigwa, jeneza halikupita kanisani, na mchungaji amekatazwa kuvaa kanzu yake hapa, kwa hiyo amekuja na shati, amekaa na majirani, na sala itaongozwa na Tupokigwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza na kumwambia ukweli, inamshukuru Mzee Mwinjuma na vijana wa Kinondoni ambao si wa dini yake na ndio waliochimba kaburi, inamshukuru Bi Hamisa na kina mama waliosuka naye ukili miaka yote na sasa wanapika, inawashukuru walimu wenzake Nikodemo waliofika, na inawashukuru wazee wa kanisa kwa mabenchi sita waliyotuazima, yatarudishwa kesho mapema kabla ya ibada.

Limebaki agizo moja. Baada ya ile Jumapili ya Julai sisi ndugu tulikuwa tumeapa kwamba Nikodemo hatatia udongo katika kaburi hili, habari zikamfikia mgonjwa, na juzi Alhamisi alimwita Ambwene na Tupokigwe, akasema kwa shida, kwa maana sauti ilikuwa imekwisha, kwamba mwanawe wa kwanza atatia udongo wa kwanza, asizuiwe na mtu, asiulizwe kitu, asitakiwe kukiri wala kueleza, na atakayemzuia amemzuia yeye. Ambwene angemzuia, na anaisema hadharani, lakini maiti ni yake na neno ni lake. Kwa hiyo Nikodemo, uliyesimama kule mwisho, karibu na njia, sogea, watu watakupisha, uje uchukue udongo, mama yako amekudhamini.

Pumzika, dada, kwa amani ambayo hakuna baraza litakalokaa kuijadili.