Milimani au Barabara Kuu

Basi lilipokaribia njia panda, nyuma yangu vita vikaanza. Fundi cherehani, aliyepakata gauni la bibi harusi, alitaka tushike barabara kuu. Jirani yake wa kiti, mwalimu mstaafu wa jiografia, alitaka tupite milimani. "Kule kuna maporomoko ya maji, mama. Macho hayana pazia!" Dirisha lake lilikuwa nalo, na alikuwa amelifunga tangu asubuhi, eti jua linamchoma.

"Mzee wangu, ndoa ni saa kumi, na mwenye gauni yuko ng'ambo ya mpaka na shimizi tu."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Dereva, ambaye hakuomba ushauri wa mtu, akashika barabara kuu. Saa saba kasoro tukasimama mpakani. Kwenye dirisha la afisa wa pasipoti palikuwa na kibao: "Narudi sasa hivi." Kitini palikuwa na koti lake, mwenyewe hayupo.

Fundi akakumbatia gauni. Mwalimu akafungua pazia, akalitazama lile koti kwa kuridhika. "Unaona sasa, mama? Tungepita milimani, tungemkuta amesharudi."