Papa Cyrille na Ubao Unaotikisika

Tarehe 30 Juni 1998, Papa Cyrille Numbi atakabidhi funguo za karakana ya hospitali yetu hapa Likasi, baada ya kuwa seremala wetu kwa miaka thelathini na miwili. Vitanda vya wodi, mabenchi ya wodi ya uzazi, kabati za dawa: karibu vyote vimepita mikononi mwake. Lakini kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya akiwa mgonjwa.

Machi 1994, akiranda meza, kiharusi kilimwangusha. Upande wa kushoto ukalegea wote. Alipopata nafuu alipelekwa kwa Delphine, kiné wetu, anayewafundisha wagonjwa kutumia viungo vyao upya. Vyuma vya kushikilia wakati wa mazoezi vilikuwa vimeibwa siku za uporaji uliokumba mji, na vipya havikupatikana hata Lubumbashi. Delphine alimsimamisha katikati ya vitanda viwili, ahamishie uzito kidogo kidogo kwenye mguu mgonjwa. Kila mara Papa Cyrille alikimbilia ule mzima.

"Unanipima sawa mbao," alilalamika.

"Mbao haina woga, Papa. Weye uko nayo."

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake aliomba penseli, akachora ubao mpana wenye tumbo la mviringo chini, ili anayesimama juu yake atikisike na kulazimika kujisawazisha. Akauchonga ameketi, kwa mkono mmoja, Delphine akimshikia. Ubao wa kwanza ulikuwa na tumbo kubwa mno: uliwarusha wote wawili kwenye godoro, na wodi nzima ikacheka. Wa tatu ulikubali.

Muda haukuwa upande wake. Daktari alikwisha kuandika kwamba hatarudi kazini, na barua ya kumwachisha kazi ilisubiri sahihi ya mkurugenzi wa hospitali tu. Mama Marcelline, mkewe, alimsihi apumzike asije akaanguka na kuvunjika. Yeye akaendelea, asubuhi na alasiri, miezi saba.

Siku moja ya Oktoba alitoka chumba cha mazoezi bila fimbo, akavuka ua. Wapishi waliacha sufuria zao. Delphine alimfuata, mikono wazi, bila kumgusa. Karakanani, msumeno ulining'inia juu, upande wa kushoto. Papa Cyrille akaegemeza uzito wote kwenye mguu mgonjwa, akajinyoosha, akaushusha msumeno. Mama Marcelline, aliyesimama mlangoni akiwa amejifunika macho kwa kitenge, alifungua jicho moja, kisha akapiga vigelegele vilivyosikika hadi barabarani. Mkurugenzi aliichana ile barua siku hiyohiyo.

Tangu hapo mbao zake zimewasimamisha wengi. Mama Mélanie, naye mgonjwa wa Delphine, amerudi kuuza unga soko la Kikula, kwa miguu yake miwili. Wenzetu wa hospitali ya Kambove nao wameomba mbao mbili, na zimekwenda.

Papa Cyrille, asante kwa mikono yako, na kwa ukaidi wako hasa. Tunakuombea miaka mingi yenye afya kando ya Mama Marcelline, na usingizi mtamu wa mchana ambao hakuna muuguzi atakayethubutu kuukatiza.