Cherehani ya Tatu ni ya Bushra

Sogeeni karibu, wanangu. Nasra, zima hiyo redio, nimechoka kuwasikia watu wasiomjua mjukuu wangu wakipiga simu kumjadili. Leo nasema mimi. Msinitazame kwa huruma. Daktari kasema moyo umechoka, sawa, lakini nina furaha mpaka natamani nishuke ngazi hizi nikacheze barabarani magari yakisimama kwenye robot, taa zao za barabarani.

Bakiri, Jumamosi ile ya mashindano hukuja, basi acha nikusimulie. Mita mia nne, mwanao kavaa kaptula niliyomshonea mwenyewe! Nilipanda juu ya kiti cha plastiki, Nasra kanishika miguu, napiga vigelegele mpaka mwalimu Denise akacheka. Kawa wa nne! Hata medali hakupata, na bado kuna wazazi wameandika barua kwamba asikimbie na wasichana, anawaonea watoto wao. Eish! Mama wa yule binti aliyekuwa wa tano ana haki ya kuuliza, na ajibiwe kwa adabu. Lakini mtoto asiitwe mwongo mbele ya wenzake.

Hata mimi sikuelewa mapema, nalisema ili usione haya, mwanangu. Miaka arobaini nashona, toka Tanga mpaka hapa Fordsburg, na sijawahi kuharibu bega la kanzu. Idi moja, mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, namvalisha kanzu, analia. Nikasema inambana. Nikafumua mabega, nikaongeza kitambaa, analia. Nikafumua tena. Mara ya tatu kanzu imekuwa turubai, ndipo akaniambia, "Bibi, haibani. Mimi ni msichana." Nilikaa chini na mkasi mkononi. Miaka yote nampima kifua na mikono, na sikuwahi kumuuliza kitu.

Sasa mali. Chumba hiki ni cha kupanga, msigombanie kuta za watu. Nina cherehani tatu dukani. Mbili nendeni kwa shehe awagawie, wewe na Nasra. Ya tatu, ile nyeusi ya kukanyaga, ndiyo theluthi yangu ninayoruhusiwa kumwusia asiyenirithi, na mjukuu ambaye baba yake yu hai hanirithi. Ni ya Bushra. Asije mtu akasema bibi alichanganyikiwa. Salum na Jumbe, majirani zangu, mko hapo mlangoni, nyinyi ndio mashahidi.

Na hili ndilo linalonishikilia roho. Jumatatu kuna kikao shuleni kuhusu ile barua. Alhamisi kuna kliniki ya Bushra. Daktari wake hamkimbizi mtoto, anamsikiliza, anamweleza, anangoja, na sasa anataka kuzungumza na mzazi. Nilikuwa nakwenda mimi. Nimeshashona na gauni la kwendea, lipo pale, limebaki pindo tu! Nisipokuwepo, nani atakaa kiti cha pembeni yake? Bakiri, kiti hicho ni chako. Usiende kupigana na watu. Kaa naye, useme huyu ni binti yangu, halafu uwaache waseme yao.

Nakulaumu jambo moja, na nikishasema nimekusamehe. Miaka mitatu hujamwita mwanao kwa jina lolote. Unasema "wewe". Unasema "huyo". Mtoto anakula sahani moja na baba yake, na hana jina mezani.

Ngojeni... pumzi. Nasra, niinue kidogo.

Basi. Mnizike haraka, msirefushe matanga, watu wana kazi. Gauni lile, Bushra amalizie pindo, alivae yeye Jumatatu. Mungu awaweke pamoja wanangu, awape vifua vipana, na mlango wenu usimfungie nje mtoto wenu hata mmoja. Nimewawekea radhi zangu zote. Zote.

Nina kiu. Bushra yuko jikoni, anajifanya anaosha vyombo, lakini maji hayasikiki, anatusikiliza. Bakiri, baba'ngu, mwite aniletee maji. Kwa jina lake.

Sijasikia.

Tena, mwanangu... kwa sauti.

Haya... Umesikia anavyokimbia?