Nusu ya Mwenzangu

Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya kibanda cha fundi cherehani, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo, na wanaume wanaokaa hapo wananiita Mama Birika, jina ambalo sikuliomba. Asubuhi hiyo sikuwa na hamu hata ya kumimina. Jana yake Lindo, mlinzi wa lile geti la ng'ambo ya barabara, mtu wetu wa benchi miaka tisa, alianguka tukimwona kwa macho yetu. Hospitali wakasema moyo. Moyo! Lindo tunamjua kwa ugonjwa wa sukari, huo moyo umetoka wapi? Nafasi yake ilikuwa tupu, na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Breki, dereva wa pikipiki.

— Mimi nawaambia ni simu. Mtu anaweka simu mfuko wa kifuani kutwa nzima, moyo utaacha kuungua?

— Ile simu yake ya tochi iunguze nini? nikamwuliza. Hata kuita inaita kwa kubembelezwa.

Ripoti, karani mstaafu, akakunja gazeti lake.

— Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Lindo kavumilia pale getini miaka tisa. Piga picha mbivu alizokula! Sukari itaacha kupanda?

— Khaa! Mzee, methali gani hiyo ya kumpandisha mtu sukari?

— Mbivu ni mbivu, Mama Birika.

Pindo, fundi cherehani, akaruka juu. Naye ana sukari, waliambiwa kliniki moja na Lindo, ila ukimwuliza anasema yake imeshatulia. Siku zote ni mtu wa taratibu. Siku hiyo alikuwa anapiga kelele, na kikombe chake hakukigusa.

— Ninyi mnacheza! Lile geti lina kitu. Mlinzi aliyemtangulia alianguka wapi? Pale pale! Kuna mtu kafukia kitu chini ya kile kiti.

— Kiti kipi? Breki akamkatiza. Lindo hana kiti. Bosi alikiondoa, eti mlinzi aliyekaa ni mlinzi aliyelala. Masaa kumi na mawili amesimama wima.

— Basi kafukia chini ya miguu yake!

— Na kliniki alikuwa anakwenda kweli? Breki akauliza.

— Kliniki ni Jumanne, nikasema. Akiomba ruhusa Jumanne, bosi anamkata siku. Ataendaje?

— Lakini dawa anazo, Ripoti akasema. Ana kadi ya bima ya kampuni, si kama sisi akina yakhe. Mwenye kadi haanguki ovyo ovyo.

Hapo nikakumbuka kitu. Kila wiki, kabla ya kuingia zamu, Lindo alikuwa ananiazima kisu changu cha tangawizi, anakata vidonge vyake katikati. Mimi nilidhani kaagizwa na daktari. Kabla sijasema, tukamwona mke wake anavuka barabara, macho mekundu, mkononi kopo la dawa. Wote tukasimama.

— Pole, shemeji. Anaendeleaje?

— Ameamka alfajiri. Hakuomba hata maji. Kaniambia, "Mpelekee mwenzangu nusu yake, yuko kijiweni." Akalala tena. Nimefungua kopo, vidonge vimekatwa nusu nusu. Daktari kaviona, kaniuliza kwa nini mgonjwa wake anakula nusu ya dozi. Anasema sukari isipotulizwa inaharibu mishipa ya moyo, kimya kimya. Sasa huyo mwenzake ni nani?

Gazeti la Ripoti likaanguka chini.

— Ni mimi, shemeji, Pindo akasema.

Jamani! Mwaka mzima kisu changu kinakata, na mimi namimina kahawa!

— Mimi kadi sina, Pindo akaendelea. Dawa ziliponishinda kununua, nikaacha. Siku moja kizunguzungu kikanipiga, nikajishona kidole. Lindo akaona, akataka tugawane dawa zake. Nikakataa, haki ya Mungu nikakataa. Kesho yake akaja na kidonge kimeshakatwa. Akasema kilichokatwa hakirudi kuwa kimoja, kula.

— Kwa hiyo getini hakuna kitu? Breki akauliza, taratibu.

— Hakuna.

Tukamngoja yule mama apige kelele. Mimi ningepiga, tena mtaa wote ungejaa. Yeye akakaa pale pale pa Lindo, akafungua kopo, akamwekea Pindo kipande kimoja kiganjani.

— Ya leo hii hapa, kasema nikuletee. Lakini daktari amesisitiza, kuanzia leo mume wangu ale dozi nzima, asipunguze hata chembe.

Akafunga kopo, akamtazama Pindo usoni.

— Sasa wewe, shemeji, kesho utakula nini?

Ripoti, mtu wa methali kwa kila jambo, akainama kuokota gazeti lake. Pindo alisimama na ile nusu kiganjani, haimezi wala hairudishi. Nikashika birika, nikammiminia yule mama kahawa. Kisu changu cha tangawizi kilikuwa hapo mezani. Nikakifunika kwa kitambaa.